Sheria za Bao na Wanaozieleza

Yako maelezo ya bao yanayopita mikononi mwa walimu, mengine yamepigwa chapa, mengine yamenakiliwa kwa mkono kutoka katika vitabu vya Kizungu, na aghalabu huanza kwa neno moja: kwamba bao ni mchezo wa vita, ambamo watu wawili hutekana nchi na askari. Twataka kuyapima maelezo hayo kwa sheria zenyewe. Twaona kuwa mwenye kuanza kwa neno hilo hujifungia mlango, hata sheria zinazofuata zote humwonekea kama mambo ya ajabu yasiyo na sababu. Na mwalimu anayezifundisha hivyo, huwafundisha watoto mchezo ambao wazee wa Mikindani na Msimbati wangeukataa kuwa si wao.

Kwanza jina lenyewe, maana limekwisha leta udhia mwingi. Bao ni ubao mkubwa, wala hakuna zaidi. Lakini neno hili hili hutumika kwa jambo lingine kabisa: kupiga bao ni kuagua, kazi ya mtu anayechora alama zake mchangani au juu ya ubao apate kujua yaliyofichika. Kitenzi ndicho kinachotenga. Apigaye bao ataka kuambiwa. Achezaye bao hana wa kumwambia illa hesabu yake mwenyewe. Mchezo huu hauna dadu, hauna karata iliyofunikwa, wala hauna siri: kete zi wazi mbele ya wachezaji na watazamaji, na hata zile zilizobaki mkononi idadi yake yajulikana. Mhubiri alaaniye “bao” bila kutaja kitenzi huwakemea wazee waliokaa barazani kwa kosa la mtu mwingine, nao hutambua mara moja kwamba hajui asemalo.

Sasa ubao. Una mashimo 32, katika safu nne za mashimo manane. Kila mchezaji ana safu mbili zilizo upande wake, yaani mashimo 16. Mashimo ya mwisho ya safu ya mbele, la kulia na la kushoto, ni vichwa. Kichwa pamoja na shimo la jirani yake huitwa kimbi. Shimo la tano toka kushoto kwa mchezaji ni nyumba, nalo mara nyingi huchongwa la mraba ili lisikosewe. Kete ni 64, na zilizo desturi ni komwe, mbegu ngumu za kijivu za mkomwe, mmea wa miba utambaao karibu na bahari. Watoto wasio na ubao huchimba mashimo yao chini, na pwani ya Mtwara haijapata kupungukiwa mchanga.

Mchezo uanzapo, kila mmoja hutia kete 6 katika nyumba yake, na kete 2 katika kila moja la mashimo mawili yaliyo kuliani mwa nyumba. Hizo ni 10. 22 zilizosalia hukaa mkononi. Katika sehemu ya kwanza, iitwayo namu, kila zamu mtu hutia kete moja toka mkononi katika shimo la mbele lenye kete. Huko ndiko kunamua. Kete za mkononi zikiisha, huja sehemu ya pili, ya mtaji, ambamo mtu hucheza kwa kete zilizo ubaoni tu.

Tuyaweke hayo mbele yetu, kisha tuulize: nchi inatekwa wapi?

Watu wa mlango wa Ruvuma hawahitaji kufundishwa maana ya kuteka nchi. Kionga, upande wa kusini wa mto, ilichukuliwa na Wajerumani mwaka 1894. Wareno wakaitwaa mwaka 1916 wakati wa vita kuu. Na mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukawathibitishia. Kule ndiko kuteka: mpaka ulihama, na waliokuwa chini ya bendera hii wakaamka chini ya ile. Ubaoni halitokei jambo kama hilo. Shimo hata moja halibadili mwenyewe toka mwanzo hata mwisho. Mchezaji hapiti kamwe upande wa mwenzake. Kete zake huzunguka katika mashimo yake 16, na za mwenzake vivyo hivyo. Basi anayemwambia mtoto kwamba shabaha ni kuteka nchi ya adui, amempa shabaha isiyomo ubaoni, na mtoto atatafuta njia ya kuvuka mstari wa kati hata achoke.

Kinachovuka ni kete, nacho ni jambo la kutazamwa sana. Katika sataranji, kipande kilichouawa huondolewa, na uwanja huzidi kuwa mtupu. Katika bao hakuna kifo. Mtu akitia kete katika shimo lake la mbele, na shimo la mwenzake linalolielekea lina kete, azila zile zote: azitoa upande wa mwenzake, azigawa moja moja katika safu yake ya mbele, akianzia kichwani. Ikiwa shimo lililoliwa li katika kimbi, hana budi kuanzia kichwa cha upande ule. Likiwa la katikati, hapo kwanza aweza kuchagua. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, na mbele yake kuna kete za mwenzake, ala tena; kama mbele hakuna kitu, azichukua zote za shimo lile na kuendelea kuzigawa; ikiangukia shimo tupu, imelala, na zamu imekwisha. Mara namu iishapo, kete 64 zote zimo ubaoni, nazo hubaki 64 hata mtu ashindwe. Zile zilizoliwa asubuhi zaweza kumla mwenyewe wa kwanza adhuhuri.

Hapa twajua kuna wasomaji watakaosema: hiyo ndiyo vita yenyewe, kwa kuwa vita vya nchi hizi vilikuwa vya kuchukua watu kuliko kuua. Hoja hii ina uzito, hasa kwa watu wa Masasi. Mji wao wa misheni ulianzishwa mwaka 1876 na Askofu Steere pamoja na watu waliokombolewa utumwani, na mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana huku kwa jina la Magwangwara, waliushambulia wakachukua mateka. Mtu aliyetwaliwa hakuondolewa duniani. Alitiwa katika nyumba ya mwingine, akaongeza nguvu zake. Mfano wafanana na kete, twakubali. Walakini kufanana kwa mfano si ushahidi wa asili, na majina ya mchezo hayausaidii. Tuyataje tena: nyumba, kichwa, kunamua, kula, kulala, kusafiri, kutakata, mtaji. Hakuna askari, hakuna ngome, hakuna mateka. Kula ni neno la kila mchezo, nalo halina damu ndani yake. Hata wacheza dama hulana. Mtaji ni neno la mfanya biashara, mali anayoanzia kazi. Na katika bao mwenye mtaji ni yule aliye na njia ya kula. Na kwa haki tuseme pia kwamba wale waandishi wa nje wanaotaka kila kitu kiwe kilimo, wakiziita kete mbegu na kuzigawa kuwa kupanda, nao hawana neno hata moja la shambani katika orodha hii.

Lakini hoja iliyo kubwa kuliko zote i katika mkono wa kwanza, nayo hatujaona mwenye maelezo ya vita aliyeitia maanani. Tuyahesabu mashimo ya mbele ya mchezaji wa kwanza toka kushoto kwake, moja hata nane. Kete zake zi katika la tano, 6. La sita, 2. La saba, 2. Za mwenzake, kwa kuwa amekaa ng’ambo na kuliani kwake ni kushotoni kwa huyu, zaelekea shimo la pili, 2. La tatu, 2. Na la nne, 6. Kwa hiyo hakuna shimo lenye kete linaloelekea shimo lenye kete. Nyumba mbili hazitazamani. Mwenye kuanza hawezi kula, hata angetaka. Sheria imemlazimisha afanye kitendo cha kwanza pasipo kumgusa mwenzake, na kitendo hicho chaitwa kutakata.

Mapadre na walimu wasipite neno hili haraka. Kutakata ni kuwa safi. Kutakasa ni kufanya safi. Na katika shina hili hili lugha ya Kanisa imelitoa neno takatifu, tulitamkalo kila siku. Hatudai kwamba wacheza bao wanayafikiria hayo wanapocheza, wala asije mtu akatunga hotuba juu yake. Lakini neno lipo, na maana yake barazani ni dhahiri: ni zamu ambayo mtu hugawa kete zake mwenyewe katika mashimo yake mwenyewe, asile kitu cha mtu. Na aliyeanza kutakata, katika zamu ile hawezi kula hata kete yake ya mwisho ikiangukia mbele ya shimo lililojaa. Ataendelea kuzigawa tu hata zilale. Sheria hii huwashinda wanafunzi waliofundishwa vita. Wao huuliza, Kwa nini askari wangu aliyefika mbele ya adui asipigane? Na mwalimu hana jibu, maana swali lenyewe latoka katika mchezo mwingine.

Tuendelee na mfano ule, kwa kuwa wafundisha zaidi ya maneno mengi. Mchezaji wa kwanza atia kete katika shimo la sita, zawa 3, azigawa kushoto: moja katika nyumba, moja katika la nne, moja katika la tatu. Hapo zimelala. Sasa shimo lake la nne laelekea nyumba ya mwenzake yenye kete 6, na la tatu laelekea shimo lenye 2. Mwenye macho ya vita atasema amepeleka watu wawili kuizingira ngome. Lakini zamu imekwisha pita kwa mwenzake, na kula ni lazima: mtu awezaye kula hana ruhusa ya kufanya neno lingine. Mwenzake basi atakula, ila ana hiari ya kuchagua kula lipi. Akila kete ya shimo la tatu, ile ya nne imebaki, na zamu ifuatayo nyumba yake ya kete 6 yaliwa. Akitia kete katika nyumba na kula ile ya nne, ameiokoa nyumba, bali amewaacha wawili wale mbele ya shimo la tatu waliwe. Ama hili ama lile. Yote mawili ni kula, na yote mawili yana hasara. Kete moja moja zile hazikuwa wavamizi. Zilikuwa chakula kilichotegwa. Hivyo ustadi wa bao hauko katika kujua namna ya kula, jambo linalojulikana na mtoto wa miaka saba, uko katika kumlisha mwenzako kile usichopenda akikose.

Nyumba nayo imeelezwa vibaya. Wengine huiita hazina, wengine ngome. Tazama sheria yake. Maadamu ina kete 6 au zaidi na haijavunjwa, ina heshima isiyo ya mashimo mengine. Katika namu, mtu akiwa anakula, na kete ya mwisho ikaangukia nyumba yake, na mbele yake hakuna cha kula, hapo asimamishwa na kupewa hiari: kusimama, nyumba ikae, au kusafiri, yaani kuchukua kete zote za nyumba na kuzigawa mbele. Akiwa anatakata tu, hana hiari, atasimama. Aliyesafiri hana nyumba tena. Shimo lile limekuwa shimo kama mengine hata mwisho wa mchezo. Hazina hulindwa, na ngome hutetewa, lakini nyumba ya bao hungojewa saa yake ya kutokewa. Anayeikalia kupita kiasi huja akaliwa yote kwa kete moja. Anayesafiri mapema hupata mlo mmoja mkubwa, kisha akabaki bila tegemeo. Maneno ambayo watazamaji hawawezi kuyazuia vinywani mwao, “Babu, safiri!” na “Babu, lala!”, mengi hutamkwa hapa.

Kushindwa ni nini? Ni kukosa kete katika safu ya mbele, au kukosa namna ya kucheza. Ikitokea kete zingali mkononi, aliyeshinda amemfunga mwenzake mkononi, na hiyo ni aibu; ikitokea baadaye, husemwa hamna. Safu ya nyuma haiulizwi. Kwa hiyo mtu aweza kushindwa akiwa na kete nyingi kuliko mshindi, zote zimelundikana nyuma mahali pasipofaa kitu. Twalisisitiza hili, kwa kuwa katika jamii ya michezo ya mashimo, kama wari ya Afrika ya Magharibi, ushindi ni wa aliyekusanya nyingi, na wanakili wengi wameuchukua ushindi wa huko wakautia huku.

Katika sehemu ya mtaji ziko sheria mbili ambazo wengi huziacha, nazo ndizo zinazomtenga mjuzi na mpita njia. Ya kwanza ni ya idadi: mtu aanze kula kwa shimo lenye kete 2 hata 15. Kete 16 huzunguka mashimo yote ya mtu na kurudi zilikotoka, wala hazina mlo. Ya pili ni ya kutakatia. Mtu asiyeweza kula atakata. Na ikiwa baada ya kutakata kwake mwenzake naye hana njia ya kula, na yeye ana shimo moja tu la mwenzake awezalo kulila zamu ijayo, shimo lile limetakatiwa. Mwenyewe haruhusiwi kulichezea ili aliponye, illa likiwa ni nyumba yenye heshima yake, au ndilo pekee la mbele lenye kete, au ndilo pekee la mbele lenye zaidi ya kete moja. Angalia adili iliyomo: aliyejizuia asile, na akaandaa njia moja tu, apewa haki ya kuikuta ingalipo. Katika maelezo ya vita sheria hii haina mahali pa kukaa, na ndiyo sababu twaikosa ndani yake.

Juu ya vitabu vya wataalamu tuna machache ya kusema. Culin, katika maandiko yake ya mwaka 1894, aliukusanya mchezo huu pamoja na ndugu zake wote chini ya jina mankala, la Kiarabu, lenye maana ya kuhamisha, na kuuita mchezo wa taifa wa Afrika. Murray, mwaka 1952, aliwapanga ndugu hao kwa hesabu ya safu, mbili, tatu au nne. Kupanga kuna manufaa yake. Lakini kumjua mtu kwa idadi ya vyumba vyake si kumjua. Townshend, mwaka 1982, alikwenda mbali zaidi, akautafuta ndani ya bao mwenendo wa Waswahili wenyewe, na ijapokuwa hatumfuati kila mahali, alijua kwamba sheria ni maneno ya watu. Tunayemshukuru zaidi ni de Voogt, aliyekaa na mabingwa wa Unguja na kutoa kitabu chake huko Leiden mwaka 1995. Yeye hakuuliza bao lafanana na nini. Aliuliza bingwa anafikiri nini, na anaweza kuuona mwendo wa kete mpaka wapi kabla hajaugusa ubao.

Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba maelezo yasiyo na vita hata chembe yamepatikana kwa ajili ya mashine. Donkers na Uiterwijk wa Maastricht, walipotaka mwaka 2002 kompyuta icheze bao, iliwapasa kuandika kila sheria bila kuacha hata moja, maana mashine haiwezi kuuliza mzee. Ndipo yakaonekana mambo ambayo barazani hayakupata kuhitaji jibu, kama ile zamu ambayo kete zake zingezunguka pasipo kulala kamwe.

Hatuwaombi walimu wawe na usahihi wa mashine. Twawaomba wanaoandaa karatasi za shule katika wilaya za Mtwara, Newala na Masasi wafute sentensi ya kwanza, waanze na kutakata, kwa kuwa mchezo wenyewe waanza hapo. Majina yabaki yalivyo. Asitokee mtu kuandika kuteka mahali pa kula, wala kambi mahali pa nyumba. Kwa mwanafunzi mdogo lipo bao la kujifunza, ambalo kete mbili mbili hutiwa katika mashimo yote 32, hakuna namu wala kete za mkononi. Afundishwe hilo kwanza, lakini aambiwe wazi kwamba silo bao lenyewe.

Na juu ya picha za ubao, neno moja kwa wapiga chapa. Picha nyingi huhesabu mashimo ya safu zote nne toka kushoto kwa msomaji, kana kwamba wachezaji wote wawili wamekaa upande mmoja. Hivyo nyumba ya yule wa pili huonekana kuwa shimo la nne, na mwanafunzi akikaa upande huo huweka kete zake 6 mahali pasipo pake, nyumba zikatazamana, na wa kwanza akala kwa mkono wa kwanza. Mashimo yahesabiwe toka kushoto kwa kila mchezaji, na tarakimu za upande wa pili zichapwe kichwa chini, ili aliyekaa huko azisome bila kuugeuza ubao.